Kesi ya Jamaica: mshtakiwa si mgeni aliyelala ufukoni

Kimbunga Melissa kilipoingia nchi kavu kusini magharibi mwa Jamaica tarehe 28 Oktoba 2025, kikiwa na upepo wa karibu kilomita 295 kwa saa, kiliuacha mji wa Black River ukiwa kifusi na maelfu ya familia wakitazama mbingu kutoka ndani ya nyumba zao. Benki ya Dunia na Benki ya Maendeleo ya Amerika zilikadiria kuwa mali iliyoharibika ilifikia dola bilioni 8.8, sawa na asilimia 41 ya pato la taifa la mwaka uliotangulia. Maji hayajakauka vizuri, serikali ikatangaza tarehe 15 Desemba kuwa ndiyo siku ya kufungua tena milango kwa watalii, na hapo ndipo ulipozuka ubishi ambao hata jamaa zetu wanaoishi Toronto na Atlanta, ambao kwao mji wa Montego Bay, Jamaica, ni karibu kuliko Dar es Salaam, wameuingia kwa nguvu zote. Upande mmoja unasema ni aibu kwenda kujilaza kwenye kitanda cha hoteli iliyozungushiwa ukuta huku jirani wa hoteli hiyo analala chini ya turubai, na kwamba mwenye utu akienda aende kukaa na wenyeji, ale chakula chao na kujifunza utamaduni wao. Upande mwingine unajibu kwamba kila dola inayoingia ni msaada, iwe imelipiwa usingizi au ngoma. Hoja yangu ni kwamba pande zote mbili zimemkamata mtu asiyehusika. Tofauti kati ya mgeni anayelala ufukoni na mgeni anayetafuta utamaduni ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Kinachoamua Mjamaika atapata nini ni masharti yaliyoandikwa muda mrefu kabla mgeni hajakata tiketi: nani ana haki ya kufika baharini, nani anapeleka mboga jikoni, nani amesamehewa kodi na kwa miaka mingapi, na nani ana bima siku upepo unapokuja.

Hoteli zinazozungumziwa ni zile za malipo jumuishi, ambazo wafanyakazi wa mahoteli ya pwani yetu wanaziita tu «oli inklusivu». Mgeni hulipa mara moja, mara nyingi akiwa bado kwao, huvalishwa kikuku cha plastiki mkononi siku ya kufika, na tangu hapo chakula, vinywaji, mashua na muziki wa usiku ni vyake bila kugusa pochi. Wazo lenyewe halikuzaliwa Karibi. Kampuni ya Club Med ililianza mwaka 1950 huko Majorca, ikiwa na mahema na wateja waliochoshwa na vita. Jamaica ndiyo iliyolifanya kuwa biashara ya nchi nzima, na ililifanya hivyo kwa woga. Mwaka 1976, mwaka ambao serikali ya Michael Manley ilitangaza hali ya hatari kwa sababu ya mauaji ya kisiasa mjini Kingston, ndipo John Issa alipofungua Negril Beach Village kwa mtindo huo. Mwaka 1980 uchaguzi mkuu ulitanguliwa na vita vya mitaani vilivyoua watu wapatao 800, na mwaka uliofuata Gordon «Butch» Stewart akafungua hoteli ya kwanza ya Sandals huko Montego Bay. Mmarekani aliyesoma habari za Kingston hakuwa tayari kutembea mtaani akitafuta chakula cha jioni. Aliahidiwa kwamba hatalazimika. Kwa hiyo ukuta ulijengwa kumtuliza mteja aliyeogopa, na kwa mwenye hoteli ukawa na faida ya pili, pengine kubwa kuliko ya kwanza: fedha yote ya mgeni ilikwisha kuwa mkononi mwake kabla mgeni huyo hajashuka kwenye ndege.

Jamhuri ya Dominika ilikwenda mbali zaidi, kwa sababu Punta Cana, pwani yake ya mashariki, haikuwa na mji wa kuzungushia ukuta. Wakati kundi la wawekezaji liliponunua eneo lile mwaka 1969 lilikuwa msitu na minazi, bila barabara ya maana, na uwanja wa ndege uliojengwa baadaye ulikuwa mali ya watu binafsi. Leo nchi hiyo ndiyo mfalme wa likizo za aina hii, na mwaka 2023 ilipokea wageni zaidi ya milioni 10 ukijumlisha wa meli. Sasa mwambie mgeni wa Punta Cana atoke nje ya geti akatafute utamaduni wa wenyeji. Atakachokikuta, bila kwenda mbali, ni Verón na Friusa, makazi yaliyoota kwa sababu hoteli zilihitaji waashi, wafagiaji na wapishi, na ambamo wakazi wengi ni Wahaiti waliobeba zege la majengo hayohayo aliyolala. Tangu Oktoba 2024 serikali ya Rais Luis Abinader imekuwa ikitekeleza mpango wa kuwafukuza Wahaiti hadi elfu 10 kwa wiki, na Machi 2025 wazalendo wakaandamana hadi Friusa kudai waondolewe. Huo ndio utamaduni wa Punta Cana kwa maana halisi ya neno, yaani namna watu wa hapo wanavyoishi. Upo karibu, haumo kwenye kijitabu cha matembezi, na sijawahi kusikia mtu akiutaja anaposema alikwenda Karibi kujifunza maisha ya wenyeji.

Wanaopinga hoteli za ukuta wana hoja mbili kubwa, na zinastahili kupimwa moja moja. Ya kwanza ni ya fedha. Kuna takwimu inayozungushwa tangu miaka ya 1990 kwamba katika Karibi senti 80 za kila dola ya mtalii huvuja kurudi nje. Imenakiliwa mara nyingi kiasi kwamba imekuwa kama methali, lakini ukiishika inateleza. Ukihesabu tiketi ya ndege ya kampuni ya Marekani na kamisheni ya wakala wa London, unahesabu fedha ambazo hazikuwahi kufika Jamaica, na mgeni wa nyumba ndogo ya kulala wageni naye anazilipa hizohizo. Kinachopaswa kuulizwa ni kiasi gani cha fedha iliyotua kinabaki, na hapo jibu linabadilika kati ya hoteli na hoteli, kwa kutegemea nani mwenye mali, nyama ya ng'ombe imetoka wapi, na faida imetangazwa katika nchi gani. Hoteli ya Mjamaika inayonunua kuku na viazi vikuu vya kisiwani inaweza kuacha fedha nyingi kuliko nyumba ya kupendeza ya vyumba vinane mali ya Mholanzi inayoagiza jibini kutoka kwao. Hilo si la kutetea mahoteli makubwa, kwa kuwa mengi yao hayanunui viazi vikuu. Nasema tu kwamba ukubwa wa hoteli na urefu wa ukuta havitoshi kukuonyesha fedha imekwenda wapi.

Hoja ya pili ina nguvu zaidi, nayo ni ya bahari. Wageni wengi hushangaa wakiambiwa kwamba mtu aliyezaliwa Jamaica hana haki ya jumla ya kuoga baharini katika kisiwa chake. Sheria ya Udhibiti wa Fukwe ya mwaka 1956, iliyotungwa wakati wa Mwingereza, iliweka haki zote za ukanda wa ufuko na chini ya bahari mikononi mwa serikali, na serikali ikawa inatoa leseni kwa inayemtaka. Kwa miaka kadhaa sasa kundi la wanaharakati linalojiita JaBBEM limekuwa mahakamani likidai njia za wananchi kufika Mammee Bay, Blue Lagoon na fukwe nyingine ambazo babu zao walivua na kuoga bila kuulizwa. Linganisha na Barbados, ambako ufuko wote ni wa umma, au Jamhuri ya Dominika, ambako sheria ya mwaka 1968 iliacha ukanda wa mita 60 kutoka maji yanapofikia yakiwa yamejaa kuwa mali ya wote. Hata huko watu hulalamika, maana haki ya kukaa mchangani haina maana ukiwa huna kichochoro cha kupita kuufikia. Hata hivyo kuna tofauti kati ya mlinzi anayevunja sheria akikufukuza na mlinzi anayeitekeleza. Na hapa ndipo hoja ya utamaduni inapopoteza mwelekeo wake: mgeni aliyekodi jumba la kifahari juu ya kilima, akaajiri mpishi wa kienyeji na kusikiliza rege kila jioni, anaweza kuwa amekaa juu ya kichochoro kilekile kilichozibwa.

Watetezi wa hoteli hizo nao wana mambo yao. Kubwa ni la ndege. Shirika haliwezi kuleta ndege ya watu mia mbili kila siku kutoka Philadelphia kwa ajili ya nyumba za wageni za vyumba sita. Linaileta kwa sababu kuna maelfu ya vitanda vilivyokwisha kulipiwa, na yule msafiri mwenye begi la mgongoni anayejivuna kuwa hakanyagi hoteli hizo amekaa kiti cha nyuma cha ndege hiyohiyo, kwa nauli iliyoshushwa na wale anaowadharau. Jambo la pili ni la nafasi. Jamaica ina watu wasiofika milioni 3 na ilipokea wageni zaidi ya milioni 4 mwaka 2024. Ukiwatoa wote hotelini na kuwasambaza vijijini kutafuta uhalisi, sijui kijiji gani kingebaki na uhalisi wa kuonyeshwa. Na lipo la tatu, dogo lakini lenye utamu wake: muziki wa mento, ule wa banjo na sanduku la rumba uliotangulia ska na rege, ulipoachwa na vijana wa Kingston ulibaki hai kwa sehemu kubwa kwenye baraza za hoteli, ukipigwa na wazee waliovaa kofia za ukili mbele ya wageni waliokuwa wanakula kamba. Kundi la Jolly Boys la Port Antonio lilidumu kwa namna hiyo kwa miongo kadhaa.

Hoja iliyo dhaifu kuliko zote, na ambayo kwa bahati mbaya ndiyo inayosikika sana, ni ile inayosema kuwa mtafutaji wa utamaduni ni mgeni mwema kuliko mlalaji wa ufukoni. Miaka michache iliyopita nilikaa asubuhi nzima Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, na mama mmoja mkulima wa mwani. Maji yalikuwa yamekupwa mbali, naye alikuwa amejikunja kwenye dimbwi lenye maji ya magoti akifunga vishada kwenye kamba zilizovutwa kati ya vigingi, kazi ya saa chache tu kabla bahari haijarudi. Likaja kundi la wageni na kiongozi wao, watu wapole, wamevaa hata kanga mabegani kwa heshima. Kiongozi akamwomba anyooke, ashike kishada juu, atazame kamera, kisha ainame tena ili wapigwe picha wale waliochelewa. Walipokwenda nilimuuliza kama wanamlipa. Akacheka. «Wa hotelini hawana neno, mwanangu, wanapita zao wanaogelea. Hawa wa kujifunza ndio wanaonichelewesha, na maji hayanisubiri.» Ile kanga, ada ya matembezi na shukrani za Kiswahili zilizokaririwa havikuwa vimebadilisha chochote katika mapatano kati yake na wao, kwa kuwa hakukuwa na mapatano.

Jamaica ina mfano wake wa wenyeji walioyaweka mapatano wazi. Kila tarehe 6 Januari Wamaroon wa Accompong, wazao wa watumwa waliotoroka na kupigana na Waingereza mpaka wakaandikiana mkataba mwaka 1739 chini ya kiongozi wao Cudjoe, hukusanyika katika milima yao ya mkoa wa St Elizabeth. Wageni wanakaribishwa, wanakuja kwa mabasi, wengi wao wakiwa bado na vikuku vya plastiki mkononi, na ngoma wanaisikia. Lakini kuna sehemu za ibada ambazo ni za Wamaroon peke yao, na mgeni hapiti hapo, awe profesa au mlevi. Trinidad inaonyesha jambo hilohilo kutoka upande mwingine. Kwa kuwa ilikuwa na mafuta na gesi, haikuhitaji kumpendeza mtalii ili ipate fedha za kigeni, na kanivali yake ilikua ikiwa sherehe ya Watrinidad wanaojishindanisha wao kwa wao. Bendi za ngoma za chuma hujifua wiki nyingi usiku kwa ajili ya waamuzi na mahasimu wa mtaa wa pili. Mgeni akija anaingia katika jambo ambalo lingefanyika vilevile asingekuja. Ndiyo maana linamkosha. Oistins ya Barbados, ambako Ijumaa usiku watu hula samaki wa kuchoma kwenye meza ndefu, ilikuwa soko la wavuvi kabla ya kuwa kivutio, na ukifika siku nyingine asubuhi utakuta samaki wanaparwa magamba kama kawaida. Utamaduni unaodumu ni ule ambao wenyewe wangeuendeleza hata ndege zisingetua, na hakuna msafiri anayeweza kuuleta huo kwa kuutafuta kwa bidii.

Basi tuyatazame masharti. Mwaka 2001 Jamhuri ya Dominika ilitunga sheria namba 158-01 inayowasamehe wawekezaji wa utalii kodi kwa miaka 10, ambayo baadaye iliongezwa hadi 15. Jamaica ilikuwa na sheria yake ya vivutio vya mahoteli tangu 1968. Kuba, kwa upande wake, iliwakataza raia wake kulala katika hoteli za watalii mpaka mwaka 2008, na jambo hilo lilifanyika chini ya serikali iliyojinadi kwa usawa, jambo linaloonyesha kwamba ukuta hauulizi itikadi ya aliyeujenga. Kwenye mboga, tatizo la Jamaica si kwamba mpishi wa hoteli anachukia embe za kisiwani. Mpishi anataka kilo mia tano za nyanya zenye ukubwa mmoja kila Jumatatu, na mkulima mdogo wa St Elizabeth ana kilo arobaini wiki hii, tisini wiki ijayo, na hawezi kusubiri malipo kwa miezi miwili wakati mbegu na mbolea zinataka fedha taslimu. Serikali ilianzisha jukwaa la mtandaoni, ALEX, kuwaunganisha wakulima na mahoteli, na ni hatua nzuri, ingawa jukwaa halimlipi mkulima kabla ya siku yake. Kwenye mishahara, wafanyakazi wa hoteli kadhaa kubwa za magharibi mwa kisiwa waligoma mwishoni mwa 2024. Na kwenye uzee, Jamaica ilifanya jambo ambalo lilistahili kusifiwa zaidi ya lilivyosifiwa: mwaka 2022 ilianza mpango wa pensheni kwa wafanyakazi wa utalii ambao unamhesabu pia dereva wa teksi na muuza vinyago aliyejiajiri. Hakuna mtalii aliyeomba hilo. Lilitoka bungeni.

Melissa ilipokuja iliyasoma masharti hayo kwa sauti. Serikali ya Jamaica ilikuwa imekata bima ya maafa kupitia hati fungani ya Benki ya Dunia, na ikalipwa dola milioni 150 zote. Mahoteli makubwa yalikuwa na bima, jenereta na watu wa kupiga simu, na kadhaa yalikuwa yanapokea wageni kabla ya Krismasi. Mwenye kibanda cha kuku wa kuchoma kando ya barabara ya Bluefields hakuwa na hati fungani. Treasure Beach, eneo la wavuvi kusini ambalo wapenda utamaduni wamelisifu kwa miaka mingi kuwa ndilo mfano wa utalii wa wenyeji, wa nyumba ndogo na tamasha la fasihi, lilikuwa limepigwa na kimbunga Beryl Julai 2024 na sasa likapigwa tena. Kuwaambia watu waende huko badala ya hotelini ni ushauri mwema wenye kasoro moja: vyumba vyenyewe huchelewa kupata paa, kwa sababu wenye navyo wanajenga kwa akiba yao na kwa fedha za ndugu walio ng'ambo. Aliyesema kurudi kwa watalii ni msaada kwa wote alihesabu wageni tu. Hakuangalia ni milango ipi iliyokuwa na bawaba.

Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki hatuyatazami haya kwa mbali. Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya laki 7 mwaka 2024, na kutoka Nungwi hadi Kiwengwa vikuku vya plastiki ni vitu vya kawaida kama kofia za ukili. Mjadala wetu nao umeanza kuchukua njia ileile, wa kuwapanga wageni mafungu mawili, wale wa Mji Mkongwe wenye adabu na wale wa kwenye mabwawa ya kuogelea wasiojua wako nchi gani, na vijana wetu mapapasi, wanaowaongoza watalii mitaani na ufukoni, wanajua zaidi ya sisi waandishi kuwa mafungu hayo ni ya watu walewale katika siku tofauti za juma moja. Lakini visiwani ardhi ni ya serikali tangu baada ya Mapinduzi, na mwekezaji hukodishwa. Mkodishaji, yaani serikali, ana kitu ambacho Jamaica ya 1956 haikumwachia mwananchi wake: anaweza kuandika kichochoro cha kwenda baharini ndani ya mkataba, kwa mita, kabla ya kutia saini, na anaweza kuandika siku ngapi mkulima wa Donge atasubiri hela ya mchicha wake.

Kule Westmoreland na Hanover, mikoa ya magharibi mwa Jamaica, kuta zinajengwa upya hivi sasa. Zege likikauka litakaa miaka arobaini au hamsini, mpaka upepo mwingine, na bado haijaamuliwa kama sheria ya 1956 itakuwa imebadilishwa kabla ya mafundi kufika upande wa baharini. Atakayekwenda huko msimu ujao, awe wa kulala au wa kujifunza, ataukuta ukuta mahali ulipowekwa.